Naomba ushauri: mpira wa mkojo wa baba na bakteria wasiosikia dawa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Nipo Masasi, namuuguza baba, miaka 71. Ana tezi dume. Alilazwa, akawekewa mpira wa mkojo, tukarudi nao nyumbani kusubiri upasuaji. Una wiki ya tano sasa, haujabadilishwa.

Shida ni homa. Akichomwa seftriaksoni (dawa ya kuua bakteria) inashuka, wiki ikipita anatetemeka upya hadi kitanda kinalia. Mara tatu sasa. Safari hii niliomba mkojo uoteshwe maabara. Jibu: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni na siprofloksasini, ila anasikia dawa za amikasini na meropenemu. Jana jioni namwaga mfuko, nikaona ndani ya mpira kuna utando wa kijivu, unavutika kama ute wa bamia. Muuguzi mmoja aliniambia bakteria hujikusanya humo wakajifunika, dawa haiwafikii vizuri. Sijalala kwa neno hilo, maana hata sampuli ilichukuliwa kwenye mpira huohuo wa zamani.

Daktari anataka amikasini ianze kesho. Namheshimu sana, ila kreatinini ya baba (kipimo cha damu cha figo) iko juu kidogo, na dawa hiyo huweza kuumiza figo.

Naomba kuuliza: mpira ubadilishwe kwanza na mkojo upimwe upya kutoka mpira mpya, au dawa isisubiri? Na kwa figo hizo, niombe afuatiliwe kwa vipimo gani, kila baada ya siku ngapi?

Saa mbili asubuhi tunatakiwa wodini. Wauguzi na watu wa maabara, nisaidieni leo.