Nimelima kwa bidii zote, mvua ikakata. Nifanyeje msimu huu nisivunjike moyo?

Mkulima_Chamwino

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, jambo hili linaniumiza kweli.

Nina ekari nne wilaya ya Chamwino, Dodoma. Msimu uliopita nilijitoa mzima mzima. Nilitafuta trekta mapema, nikanunua mbegu ya mahindi ya dukani, tukapalilia mara mbili, mimi na mke wangu tukitoka nyumbani bado giza. Viwavijeshi vamizi walipokuja tuliwawahi. Mwisho wa Januari shamba lilipendeza mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuliangalia. Mahindi yakatoa mbelewele, na hapo hapo mvua ikakata. Wiki tatu nzima. Majani yalijisokota, ukiyashika yanavunjika kama karatasi. Mvua iliporudi Machi ilikuta mabua. Ekari nne, magunia mawili.

Hasara ya pesa nimeimeza. Kinachonitesa ni haya mawazo: ningepanda wiki moja kabla, ningechukua mbegu nyingine. Naamka saa nane usiku natoka nje kuangalia mawingu, na huu ni mwezi wa Oktoba, mawingu yatoke wapi? Watoto nawakaripia bila kosa. Watu wananiambia "mwachie Mungu", lakini naogopa nikimwachia nitaishia kukaa kwenye kigoda. Nikijituma tena kama mwaka jana, naogopa moyo hautahimili pigo la pili.

Ninyi mnaotegemea vitu msivyovitawala, mnaishije? Halafu kikoba wako tayari kunikopesha tena. Nikope?

Mzee_wa_Kongwa

Pole sana mwanangu. Nimelima huku tangu ujana wangu, nitakwambia ukweli kwa upendo.

Kwetu Dodoma mvua kusimama Februari ni kawaida yake. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika katikati inapumzika, kisha inarudi. Mwaka mzima tunapata kama milimita 570 tu, na hazigawanyiki sawa. Hindi likikosa maji siku za mbelewele na ndevu, basi tena. Mtama hujikaza, ukasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Ndiyo maana wazee wetu walikula mtama na uwele.

Kwa hiyo mvua hukuitawala, sawa. Lakini kuweka ekari zote nne kwenye zao moja, hilo lilikuwa lako. Sisemi kukulaumu. Nasema kwa sababu hapo ndipo pa kuweka nguvu zako mwaka huu.

Fika kijiji cha Chololo, si mbali na mjini. Wanachimba vishimo, kina kama futi moja, upana wa kuingiza jembe tu, sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Wanatia samadi, na majivu kidogo kwa ajili ya mchwa. Hata mvua ndogo inatulia humo badala ya kukimbilia barabarani. Nusu ekari inakula vishimo kama 3,700. Kazi yenyewe ni ya kiangazi, sasa hivi, huna haja ya kusubiri wingu.

Mvuvi_Pangani

Mimi ni wa baharini, ila nakuelewa. Kusi likivuma sawasawa kuna siku mfululizo hatutoki, na watoto wanataka kula. Nilipokuwa kijana nilikuwa nakaa ufukweni nimenuna, naangalia mawimbi kama wewe na mawingu yako. Babu akanipa sindano ya nyavu, akaniambia nishone. Tunashona, tunatia chombo kalafati, tunabadilisha kamba zilizooza. Mkono ukiwa na sindano, roho haipati nafasi ya kugombana na upepo.

Na huko kumwachia Mungu umekuelewa vibaya, ndugu yangu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu ngamia, akasema mfunge kwanza, kisha tegemea. Kutawakali kunakuja baada ya kamba.

Mama_Wawili

Kaka, nina swali moja. Jirani yako aliyepanda wiki moja kabla yako, alivuna ngapi? Nenda ukamuulize. Nilipofukuzwa na deni la duka niliteseka na "ningejua" mwaka mzima, kumbe wenzangu waliofanya kile nilichotamani nao walianguka vile vile.

Mkopo: usikope deni ambalo mvua ndiyo italilipa. Na hilo la kutolala likizidi nenda zahanati ukaongee na mtu, usilibebe peke yako. Watoto wakumbatie leo, hawajui habari za mbelewele.

Mkulima_Chamwino

Shikamoo mzee. Asanteni sana wote. Dada, nimemfuata jirani leo jioni. Alipanda siku nane kabla yangu. Alipata gunia moja na nusu kwa ekari tatu. Tulikaa kimya muda mrefu chini ya mbuyu wake. Sikuwahi kumuuliza, nilikuwa namwonea wivu tu.

Mkopo nimeuacha.

Mkulima_Chamwino

Wakuu, naleta mrejesho, Desemba hii.

Chololo nilifika. Tulichimba mimi na mke wangu, siku nzuri vishimo 110, siku ya jua kali 60. Nusu ekari ilituchukua wiki sita. Hapo nimeweka mtama. Ekari moja na nusu nyingine mtama wa kawaida, moja alizeti, moja uwele. Mahindi yapo kidogo nyuma ya nyumba, ya kuchoma.

Mvua ya kwanza ilishuka usiku. Nilisikia bati, nikatoka na tochi. Kila kishimo kilikuwa kimejaa, maji yametulia, yanang'aa safu kwa safu. Nikamwita mke wangu aje aone. Tulisimama pale tukilowa.

Sasa ni siku ya tisa haijanyesha. Mtama una majani matatu. Usiku nalala, si kila siku, ila nalala. Kinachonitia hofu sasa ni kwelea kwelea, nasikia wanamaliza mtama wote. Mzee, niwafanyeje?

Mzee_wa_Kongwa

Marahaba mwanangu. Ndege ni wa kuanzia Machi, Aprili, suke likikaza. Sasa hivi punguzia miche, kila shimo libaki na miwili.