Ukikana kosa la trafiki kortini bila wakili, utateswa mpaka utamani ungekiri

Wadau, nina hasira na sitaificha. Mwenye yake kama hii aongezee hapa chini.

Nilishtakiwa kwenda 68 mahali pa 50. Faini yake ni 10,000. Hiyo bei sikuitunga, iko kwenye kanuni za makosa madogo ya trafiki za hapa Kenya za 2016: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo, 6 hadi 10 ni 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Sasa tazameni huo mruko. Kilomita moja tu, kutoka 15 kwenda 16, na faini inapaa kutoka 3,000 hadi 10,000. Halafu ajabu, karibu kila dereva niliyekaa naye kwenye benchi la korti alikuwa amezidisha 17, 18 au 19. Inaonekana sote barabara ya Busia tuna mguu mmoja.

Mimi nabeba mayai kutoka Luanda kuteremsha Kisumu. Asubuhi hiyo pikapu ilikuwa imejaa treyi mpaka juu, nimefunga kamba, na mama mwenye mzigo yuko kando yangu akinikumbusha kila tuta. Nani anakimbia na mayai? Tukasimamishwa. Afande akaja na kitabu, hakuja na mashine.

"Dereva, umepita spidi."

"Ngapi, afande?"

"Sitini na nane."

"Naomba nione."

Akaniangalia kama nimemtukana mamake. "Unataka kuona nini? Toa kitu tuachane, ama twende mbele."

Nikasema twende mbele. Mama wa mayai akanifinya mkono, akaninong'oneza, "Mwanangu, mpe tu elfu moja, jua linachoma mzigo." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, mzigo ni wake. Lakini mimi nimetoa hizo elfu moja miaka mingi, na kila nikitoa, wiki inayofuata wananingoja pale pale kama kituo cha kulipa ushuru.

Kituoni nikaandikishwa, nikalipa dhamana ya 5,000, nikapewa risiti. (Vijana, msiondoke bila risiti. Na mkiambiwa bondi ya polisi, yaani ile ahadi ya maandishi ya kufika kortini bila kuweka pesa, inalipiwa ada, kataeni: bondi ni bure, na vituo vingi vimebandika hivyo ukutani.) Nikaambiwa nifike kortini asubuhi.

Hapa ndipo uchungu wangu unapoanza, kwa sababu mambo ya barabarani kila mtu anayajua.

Kesi za trafiki zinasomwa kama orodha ya mazishi redioni. Jina, kosa, "ni kweli ama si kweli?" "Ni kweli." Faini. Anayefuata. Watu wanapita wakiwa wamekunja noti mkononi tayari. Mzee mmoja mbele yangu alijaribu kueleza kwamba taa yake ya nyuma ilivunjwa na bodaboda dakika chache kabla ya kusimamishwa. Akaulizwa tena: ni kweli ama si kweli? Akasema ni kweli, lakini. Hiyo "lakini" haikuandikwa popote. Na sheria inasema maelezo ya aina hiyo yakigeuka kuwa utetezi, korti inafaa kuandika kwamba mshtakiwa amekana. Mzee alilipa akaenda zake.

Zamu yangu nikasema si kweli. Chumba kizima kiligeuka. Karani akanirudia swali polepole, eti pengine sikusikia Kiswahili. Si kweli, Mheshimiwa. Basi dhamana ikawekwa 20,000, ile 5,000 ya kituoni ikihesabiwa ndani yake, na mpaka 15,000 zipatikane nikae seli ya korti. Mmeelewa? Aliyekiri alilipa 10,000 akarudi kazini kabla ya saa nne. Aliyesema hana hatia aliingizwa ndani na wezi wa kuku mpaka jioni, ndugu zake wakichangisha kwa M-Pesa.

Someni Katiba, kifungu cha 49, kifungu kidogo cha pili: mtu hafai kuzuiliwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwenye lile jedwali la 2016 kosa langu ni faini, hakuna jela hata siku moja. Nilijaribu kulisema hilo kizimbani. Nikaambiwa niongee na wakili wangu. Sina wakili, Mheshimiwa. Basi tafuta. Wakili niliyempigia alinitajia bei ya kuanzia ya 30,000, kwa kesi ya 10,000! Wakili wa serikali unapewa tu pale ambapo bila yeye haki itapotea pakubwa, na kwa mtu wa spidi hakuna atakayeona hiyo hasara. Ila hakuna sheria inayokukataza kujitetea. Hakuna. Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kuleta ushahidi na kupinga wa upande wa mashtaka, uwe na wakili usiwe naye.

Kifungu hicho hicho cha 50 kinasema upewe mapema ushahidi watakaoutumia dhidi yako. Haya, nendeni mkauombe. Kiongozi wa mashtaka ananituma kituoni. Kituoni naambiwa faili iko kortini. Kortini naambiwa faili imerudi kituoni kwa marekebisho. Faili ilipopatikana, afisa akanipa karatasi mbili nikatoe kopi kwa pesa zangu kwenye saiba ya nje, naye akanifuata akasimama mlangoni kama nitakula ile karatasi.

Lakini hiyo safari ya saiba ndiyo iliyoniokoa. Taarifa ya afande ilisema, na nanukuu kwa kumbukumbu tu, kwamba aliliona gari likija kwa mwendo wa kasi akalisimamisha. Hakuna mashine. Hakuna namba ya mashine. Hakuna aliyeishika. Hiyo 68 ilikuwa kwenye hati ya mashtaka peke yake, imeota huko kama uyoga.

Sasa subirini muone tarehe zinavyoliwa. Kesi inapangwa kusikizwa, unaacha kazi, unafika saa mbili unusu, unakaa mpaka saa saba, unaambiwa shahidi yuko mafunzoni. Tarehe nyingine, shahidi amehamishwa. Nyingine, hati ya mashtaka ina kosa kwenye namba ya gari, inarekebishwa chini ya kifungu cha 214 cha sheria ya mwenendo wa jinai, unasomewa upya, unakana upya. Mimi nikichelewa nusu saa natolewa hati ya kukamatwa. Afande asipokuja kabisa, ni "Mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine." Kifungu cha 202 cha sheria hiyo kinaruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa kama mlalamishi hajafika siku ya kusikizwa, isipokuwa akiona kuna sababu ya kuahirisha. Nililiomba hilo kwa sauti. Ikaandikwa kuwa ni ahirisho la mwisho. Ahirisho la mwisho likapata mdogo wake.

Afande alipokuja hatimaye, alikula kiapo, akaeleza, akanionyesha kwa kidole. Kisha nikaambiwa nimuulize maswali. Hapa wengi huharibu, wanaanza kusimulia. Hata mimi nilipofungua mdomo na kusema "Mheshimiwa, huyu afande siku hiyo hakuwa..." kiongozi wa mashtaka akasimama kulalamika, na hakimu akaniambia niulize, nisihutubie. Sawa. Niliyafupisha.

"Afande, uliniona au ulinipima?"

"Nilikupima."

"Kwa mashine gani?"

"Ya kupima spidi."

"Kwenye taarifa yako uliyoandika siku hiyo, mashine imetajwa wapi?"

Akapewa karatasi. Akaisoma. Akaigeuza upande wa nyuma, ambako hakuna kitu.

"Haijatajwa."

"Mashine ilikuwa imeshikwa na nani?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako ameandika taarifa? Yuko hapa leo?"

"Hapana."

"Iko wapi picha au karatasi iliyotoka kwenye hiyo mashine?"

"Siku hiyo haikutoa."

Nikasema sina swali lingine. Mikono ilikuwa inatetemeka, siwadanganyi. Upande wa mashtaka ukafunga kesi yao kwa shahidi huyo mmoja.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema huwezi kutiwa hatiani kwa spidi kwa sababu tu shahidi mmoja alionelea unakimbia. Ni sheria ya zamani na iko wazi, wala haihitaji kufasiriwa na profesa. Korti ikaona sina kesi ya kujibu, nikaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha ile sheria ya mwenendo wa jinai. Sikuitwa hata kujitetea.

Mtasema basi umeshinda, unalilia nini? Nalilia hivi: kesi iliyokufa kwa maswali machache ingeweza kufa siku ya kwanza kama kuna mtu mmoja upande wa mashtaka aliyesoma faili kabla ya kuipeleka kortini. Kazi hiyo ina ofisi yake na mishahara yake. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa mkurugenzi wa mashtaka mamlaka ya kuamua nani ashtakiwe na kesi gani ikome. Karatasi mbili! Nani hakuweza kusoma karatasi mbili? Jibu langu ni kwamba hakuna anayezisoma kwa sababu hakuna anayetarajia ukane. Tumezoeshwa kusema ni kweli, na dhamana na tarehe ndizo fimbo ya kutuzoesha. Ukipiga hesabu ya nauli, siku za kazi na wateja wa soko la Kibuye, Kisumu, waliohamia kwa mtu mwingine, ningelipa ile 10,000 mara kadhaa. Mama wa mayai siku hizi anabebewa na probox. Simlaumu.

Na msidhani nimerudishiwa pesa. Nimeulizwa risiti halisi. Ile ya 15,000 ninayo. Ile ya 5,000 ya kituoni niliiacha kortini siku ya kwanza ili ihesabiwe, nikagongewa muhuri kwenye kopi. Sasa kopi haitoshi. Nimeambiwa niandike barua ya kuomba, niambatanishe kitambulisho na akaunti ya benki, nisubiri. Barua nimepeleka. Nikiuliza, ni "bado haijashuka." Kutoka wapi, haisemwi.

Kwa hiyo naomba anayejua anijibu moja kwa moja: dhamana ya kituoni ikishahamishiwa kortini, nani anairudisha, polisi au mhasibu wa mahakama? Na kuna yeyote wa Kisumu, Kakamega au Nakuru aliyerudishiwa yake bila kumjua mtu ndani? Wale wa "ungetoa tu elfu moja" nimewasikia, pigeni foleni nyuma ya mama wa mayai.