Corolla 110 sailensi inapanda na kushuka, fundi anataka kubadili EGR

Kijana wa Uyole: Wakuu habari. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A. Ikishapata moto sailensi (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda mpaka 1500, inashuka 700, inapanda tena, kama kuna mtu anakanyaga mafuta na kuachia. Foleni ya Mafiati imenizimikia mara mbili. Ikiwa mwendoni haina neno. Plagi nimebadili, nozeli zimeoshwa. Sasa fundi anasema valvu ya EGR imekufa, nitoe laki mbili na nusu. Nitoe?

Spana 12: Usitoe hata mia. EGR ikikwama wazi inarudisha moshi wa egzosi ndani, gari inatetemeka na kuzima. Hainyanyuki kufika 1500. Na umeiona hiyo EGR kwa macho yako? Siyo kila 5A inayo. Yako inavuta upepo wa wizi. Kompyuta inasoma mgandamizo wa manifodi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini), upepo ukiingia inamwaga mafuta zaidi. Mizunguko ikizidi na hujagusa pedeli, inakata mafuta. Ikishuka, inarudisha. Ndiyo hiyo ngoma.

Dada Gereji: Anza na PCV, ile valvu ndogo inayotoa mvuke ndani ya injini urudi kuchomwa. Ichomoe kwenye kava ya juu ya injini, gari ikiunguruma, ziba kwa dole gumba: lazima ikunyonye. Zima gari, itikise, ilie chaka chaka. Kisha bana mipira ya vakyumu (inayonyonywa hewa na injini) kwa koleo, mmoja mmoja, polepole. Ukibana sailensi ikatulia, umemkamata.

Mzee wa Carina: Wakikuletea geji ya vakyumu, usitishike. Ile inchi 17 mpaka 22 (za zebaki) wanayosema ni ya injini nzima ni ya usawa wa bahari. Mbeya tuko kama mita 1700, toa inchi 5 hivi. Mimi niliambiwa injini imechoka, kumbe ni huu mlima wetu!

Kijana wa Uyole: Mrejesho wakuu. PCV inanyonya na inalia. Nimebana mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki (inayotumia vakyumu kulainisha pedeli), sailensi ikakaa 750 hapo hapo. Nikauchomoa: juu mzima, ila kwa chini, karibu na klampu, una ufa wa kuingia ukucha. Baridi umefumba, ukipata moto unalainika na kuachama.

Dada Gereji: Na breki zilikuwa ngumu, sema kweli.

Kijana wa Uyole: Zilikuwa ngumu dada, nikadhani ni pedi. Mpira mpya nimefunga leo. Fundi nimempigia, kasema sawa, basi EGR tutabadili mwezi ujao.