Mjadala: Mitumba ikipigwa marufuku, Nairobi itavaa nini?

Mwanzishaji, Jericho

Kila kampeni zikianza, suala la mitumba hurudi mezani. Wanaotaka ipigwe marufuku husema nchi yenye mafundi na wakulima wa pamba haifai kuvaa nguo zilizovuliwa na watu wa ng'ambo. Juni 2022, akizindua manifesto yake uwanjani Nyayo, Raila Odinga, wakati huo akiwania urais, alisema Wakenya wanavaa nguo za watu waliokufa. Gikomba, soko kubwa la mitumba Nairobi, ilichemka, ikabidi afafanue kwamba hakukusudia kuifunga biashara hiyo. Hoja yenyewe ingali hai, na wapo watu ninaowaheshimu wanaoishikilia. Mimi naipinga, na sababu yangu ya kwanza ni mavazi yenyewe, kabla hata hatujafika kwenye ajira.

Simama kituo cha Kencom, katikati ya jiji, saa moja asubuhi uangalie watu wakishuka matatu. Dada amevaa blazi ya kiume ya sufu iliyopunguzwa mbavuni ikamkaa sawasawa, suruali ya kitambaa imeishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, ndara za ngozi za Kariokor, hereni za shaba. Ukipiga hesabu, mara nyingi vyote pamoja havifiki elfu mbili. Huyo anakwenda kazini kutafuta mshahara ambao kodi ya nyumba na nauli vimeshaugawana. Kwa pesa hizo, duka la nguo mpya litamuuzia blazi ya poliesta itakayong'aa viwiko kabla ya msimu wa baridi kwisha.

Wanaosema mitumba ni uvivu hawajaiona kazi iliyomo. Sokoni Toi, beli, yaani robota la nguo, inapokatwa kamba alfajiri, wenye vibanda na maduka ya mitaani huwa wameshaizunguka wakigombea kamera, zile nguo za kwanza ambazo hazijashikwa na mtu. Kufikia alasiri zimebaki za kuinama, zimemwagwa chini juu ya gunia, moja kwa shilingi hamsini. Anayejua kuvaa hatangulizi rangi. Kwanza anashika mabega ya koti, kwa sababu fundi anaweza kupunguza kiuno na kufupisha mikono bila shida, lakini mabega yakizidi itabidi koti zima lifumuliwe. Analigeuza ndani nje aangalie bitana na mshono wa kwapani. Analiinua kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo. Anasoma lebo akitafuta sufu, pamba au kitani. Hatua chache kutoka hapo cherehani inanguruma, na mwenye pasi ya makaa yuko tayari. Kitambaa kilifumwa Ureno au Uturuki, ila sura ya nguo imeamuliwa pale pale sokoni, na walioiamua wamelipwa.

Mapambo nayo ni hivyo hivyo. Kuna karakana Kibera zinazoyeyusha shaba ya bomba kuukuu na kufuli zilizovunjika, na kuchonga mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni, mpaka zitoke bangili na vidani ambavyo mtalii huvinunua kwa bei ya juu. Wewe unayeishi hapa ukifika mwenyewe, utapata kwa bei ya jirani. Shaba ikikuachia rangi ya kijani mkononi, isugue kwa ndimu na chumvi, isuuze, ikaushe vizuri, basi. Afadhali hiyo kuliko hereni za bei ya chini zilizopakwa rangi ya dhahabu juu ya nikeli, ambazo huwavimbisha wengi masikio. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu naona wasichana wadogo wakivumilia usaha wakidhani ndiyo gharama ya kupendeza.

Na shanga je? Hakuna anayebisha kwamba ushanga wa Kimaasai ni wetu. Shanga zenyewe ni za kioo, na kwa miaka mingi zile bora zimetoka Jamhuri ya Cheki. Mama wa Kajiado amezipanga kwa rangi zake na maana zake, zikawa za Wamaasai. Kwa nini fundi wa Toi asipewe heshima hiyo hiyo?

Najua mtaniletea hoja ya viwanda vya nguo. KICOMI ya Kisumu ilikufa, Rivatex ya Eldoret ikafungwa hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoichukua 2007. Mitumba ilichangia, sikatai. Lakini mlango wa soko uliofunguliwa kwa bidhaa za nje miaka ya tisini mwanzoni uliingiza pia nguo mpya za bei ya chini, na mkulima wa pamba alikuwa ameshachoka kungoja malipo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba kufikia 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao 2017, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Sisi tulionja marufuku kwa muda tu, Machi hadi Agosti 2020, kwa hofu ya korona. Beli zilizokuwa stoo zilipanda bei, na wapigapasi wa Gikomba wakakaa bila kazi. Sikuona mtu wa Eastlands aliyevaa kitambaa cha Kenya kwa sababu hiyo.

Karibuni. Anayetaka marufuku aniambie yule dada wa Kencom atavaa nini Jumatatu.

Mkaazi wa Dandora

Dada, umeandika vizuri juu ya kamera. Nani ataandika juu ya fagia, zile za mwisho zisizouzika?

Mimi naishi karibu na jaa la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kwamba limejaa 2001, na bado malori yanaingia kila siku. Beli ikifunguliwa, unayoisifu ni sehemu tu. Nyingine ina madoa, imechanika, zipu imekufa, au ni poliesta nyepesi ambayo hata matambara haifai. Ripoti ya shirika la mazingira la Changing Markets ya Februari 2023 ilikadiria kwamba zaidi ya nguo milioni 300 za aina hiyo, za nyuzi za plastiki na zisizouzika, huingia Kenya kwa mwaka. Nenda ukingoni mwa mto nyuma ya Gikomba. Tabaka la juu limekauka, la chini limeoza, na katikati utaona mikono ya sweta ikining'inia majini. Nyingine huchomwa usiku, na moshi wake unaingia nyumbani kwangu. Watoto wangu wanakohoa ili mtu mwingine apate blazi ya sufu.

Muuzaji naye anaumia. Analipia beli akiwa haoni kilichomo. Jirani yangu alikopa kwenye chama akafungua beli ya nguo za watoto, nusu ikawa haiuziki, na aliyemuuzia hakutaka kusikia. Hiyo si biashara, ni bahati nasibu, na anayecheza ni maskini. Mimi nasema ipigwe marufuku, tutafute njia nyingine tukiwa na hewa safi.

Fundi, soko la Kenyatta

Nimesoma wote wawili. Wengi wanatusemea sisi mafundi, kwa hiyo niseme mwenyewe.

Mitumba hainiui. Nusu ya kazi zangu za wiki ni kupunguza, kupanua, kubadilisha zipu na kugeuza kola, na karibu zote ni nguo za Toi na Gikomba. Kinachonikaba ni gauni jipya kutoka nje linalotundikwa katikati ya mji kwa mia sita. Mimi nikienda Eastleigh au Biashara Street kununua kitambaa cha gauni hilo hilo, kitambaa na zipu na bitana vimeshapita bei hiyo kabla sijakanyaga cherehani. Na kitenge mnachokiita cha Kiafrika, kingi kimechapwa China na India. Ukifunga mitumba leo, mteja wangu hatakuja kwangu kushonewa. Ataenda kwa lile gauni la mia sita.

Jambo lingine linaniuma zaidi. Mwaka 2004 tulizinduliwa vazi la taifa, likaishia kwenye picha. Mwaka 2019 serikali ikawaambia watumishi wa umma wavae nguo za Kenya kila Ijumaa, nasi tukafurahi kwa muda. Halafu suti ya Kaunda, ile ya koti lisilovaliwa tai, ikarudi kwa kishindo, Rais anaivaa, kila mwenye harusi anaitaka. Hiyo ndiyo nguo inayomlisha fundi: lazima mtu apimwe, lazima kola ikatwe kwa kipimo cha shingo yake yeye, huwezi kuitoa kwenye beli. Novemba 2023 Spika Wetang'ula akaikataza bungeni, pamoja na mavazi ya kitamaduni, akataka koti na tai. Wazee waheshimiwa, mnawezaje kumwambia mama wa Kayole aache mitumba avae chetu, na chetu hakiruhusiwi kupita mlango wa Bunge?

Mwanafunzi, Kahawa

Mimi ni mdogo kwenu, naomba niseme kidogo. Nimekulia kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa. Sare ya shule ilikuwa ya dada yangu, viatu vya binamu, nguo za Krismasi za Gikomba. Najua kuchagua, marafiki hunituma. Lakini nikisikia watu wazima wakisifu "ubunifu" wa mitumba, moyo unaniuma, kwa sababu hatukupewa nafasi ya kukataa. Siku moja nataka kuvaa kitu ambacho jasho la kwanza ndani yake ni langu. Sidhani hilo ni anasa.

Mwanzishaji, Jericho

Mdogo wangu wa Kahawa, si anasa hata kidogo, na sitaki mjadala huu ukusukume kushukuru kwa kukosa. Ninachopigania ni uwe na njia zote mbili. Leo una moja. Marufuku itakuondolea hiyo moja na kukuachia gauni la mia sita alilolitaja fundi.

Kaka wa Dandora, kwa moshi huo sina la kupinga, na hesabu yoyote ya mavazi isiyomtaja mtoto anayekohoa haijakamilika. Tunatofautiana kwenye dawa. KEBS, shirika la viwango la serikali, tayari inakataza kuingiza nguo za ndani za mitumba, kwa hiyo serikali inajua kutenganisha aina na aina inapotaka. (Kwamba bado zinauzwa hadharani Gikomba kunatuonyesha penye uzembe.) Basi ikataze beli za nguo zisizochambuliwa. Ichambuliwe huko huko inakotoka, muuzaji wa ng'ambo aandike kilichomo, na beli zikifika Mombasa chache zifunguliwe zikaguliwe. Ikipatikana takataka, kontena lirudi kwa gharama ya aliyelituma. Jirani yako aliyekopa kwenye chama angekuwa na karatasi ya kudai haki yake. Mzigo ungepungua, bei ya beli ingepanda kiasi, nami niko tayari kulipa shilingi themanini kwa shati la hamsini ikiwa tofauti hiyo itaziondoa sweta za watu kwenye mto wa Nairobi.

Fundi, wewe ndiye uliyeweka kidole kwenye kidonda. Tunagombania nguo kuukuu, na kilichokosekana ni kitambaa. Rivatex iliamka, Thika Cloth Mills haikufa, na bado mtu wa Kenyatta Market haoni mita ya pamba ya Kenya anayoweza kuigeuza gauni akaiuza kwa mwanafunzi wa Kahawa. Wanaodai marufuku bungeni waanze hapo. Wapunguze ushuru na kodi zinazomlemea mfumaji wa humu nchini, mkulima alipwe pamba yake kwa wakati, na mafundi wa masoko ya kaunti wauziwe kitambaa kwa bei ya jumla kupitia vyama vyao. Na suti ya Kaunda irudishwe bungeni wiki hii hii, hilo halihitaji hata bajeti.

Fundi, kabla hatujaendelea, tuwekee hapa hesabu ya gauni moja la pamba: kitambaa, bitana, uzi, zipu, umeme, kodi ya kibanda na mkono wako. Tuione, kisha kila anayetaka marufuku aseme ni wapi hapo atapunguza.