Kuhusu: Ofisi ya warantii wamekataa fomu, swali la kava la godoro la lateksi

Kutoka: Dada R.
Wanajumuiya, salaam. Ofisi ya warantii wamerudisha fomu ya madai. Wanasema godoro kubonyea bonde la sm 2 hakuwahusu, wao wanaanzia sm 2.5, tena lipimwe zipu ikiwa imefungwa. Godoro ni tabaka mbili za lateksi, yaani povu la mpira: aina ya Dunlop sm 15 chini, aina ya Talalay sm 5 juu, kava la pamba lililoshonewa sufu ndani. Swali ni moja tu: nikinunua kava jembamba la kuvutika kwa muuzaji mwingine, warantii ya lateksi inabaki au inakufa?

Kutoka: Kaka M.
Dada, fungua zipu kwanza. Laza ubao ulionyooka juu ya lateksi tupu, upime nafasi iliyo chini yake. Lateksi ikiwa tambarare, bonde ni la sufu, si la mpira. Sufu hushindiliwa pale mwili unapolala na haifumuki yote. Angalia na chaga: nafasi kati yake ikizidi sm 7 au 8, lateksi inaingia katikati, na hilo peke yake linatosha kuwapa sababu ya kukataa dai.

Kuhusu kubadili kava, fahamu kwamba unabadili godoro zima. Uzuri wa lateksi ni kubonyea pale tu panapobonyezwa: bega linashuka, kiuno kinabebwa. Kitambaa cha kufuma kinachovutika kinaifuata. Kile kisichovutika, kilichojazwa sufu na kupigwa mishono, kinawambwa kama ngozi ya ngoma. Bega likishuka kinavuta na pembeni, na mlalaji anabaki juu juu. Ndiyo maana godoro lenye ILD 24 (kipimo cha ugumu, namba ikipanda ni gumu zaidi) linaweza kuhisiwa gumu kuliko namba yake. Mwenye Talalay ya ILD 19 juu akivua kava nene, asishangae kuona amezama kupita alivyotaka.

Kutoka: Mama K.
Mwanangu M., umeruka mambo mawili. Sufu hunyonya unyevu wa jasho na kuuachia taratibu, na haishiki moto upesi. Watengenezaji wanaouza Marekani huitumia ili godoro lipite kipimo cha moto cha sheria ya huko, 16 CFR 1633, bila kutiwa dawa ya kuzuia moto. Ukiiondoa, umeondoa na kinga hiyo.

Bei nayo inatoka hapo hapo. Sufu inahesabiwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kava la 600 lina sufu maradufu ya kava la 300, hata kama kwenye picha yanafanana. Muuzaji asiyetaja gramu, muulize kabla hujalipa. Kava la kufuma halina gharama hiyo wala ya mishono.

Kutoka: J.
Kava la sufu fueni kwa digrii 30, mzunguko wa taratibu, hakuna shida. Na nunueni godoro lenye cheti cha GOLS, kinahusu kila kitu mpaka kava.

Kutoka: Kaka M.
Hapana, J., na ushauri huo utamharibia mtu kava. GOLS ni cheti cha lateksi ya kilimo hai. Cha pamba na sufu ni GOTS. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zenye madhara tu, haisemi pamba imelimwaje. Sufu iliyoshonewa ndani, kama lebo haikuruhusu waziwazi, haiingii mashine: msukosuko na maji ya moto vinafanya nyuzi zishikane, kava linasinyaa, zipu haikutani tena. La kufuma ndilo la kufua kwa maji baridi na kulitandaza likauke.

Kutoka: Mzee S.
Wanangu, kava likivuliwa, lateksi isiachwe juani. Mwanga na hewa huizeesha: inageuka njano, inakuwa kavu, inamomonyoka. Ifunikeni kwa shuka zito. Msiivute kwa ncha za vidole, inachanika. Ikunjeni na kuikumbatia. Na iwe kazi ya watu wawili. Lateksi ya sm 160 kwa 200, unene sm 20, kwa kilo 75 kwa kila mita ya ujazo, ina kilo 48.

Kutoka: Dada R.
Shikamoo, Mzee. Asanteni nyote. Lateksi ni tambarare, bonde ni la sufu. Ila warantii je, nikiweka kava la mwingine?

Kutoka: Mama K.
Ukiamua kununua kava, chukua lenye zipu pande zote nne, ili tabaka zibadilishwe bila kupigana nazo. Kimo cha ukuta wake kiwe sm 20 sawasawa na tabaka zako. Likipungua sm 2 litaikandamiza lateksi na ugumu utarudi ule ule. Likizidi litajikunja mgongoni. Kinga ya maji isiwe ya plastiki nene, bali utando mwembamba wa poliurethani unaovutika. Shuka la lastiki nalo lisibane, maana linawamba juu kama lile kava unalolikimbia.