Naomba ushauri: Nikamilishe mkusanyo wangu wa chupa za Derby kwa kununua za 1999 hadi 2007, au niishie hapa?

Mkaazi wa Louisville

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nina jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa wiki mbili, na kwa kuwa nimeona humu kuna watu wanaokusanya chupa za wiski kwa miaka mingi, nimeona bora niulize kabla sijatoa fedha.

Nilifika Louisville, Kentucky, mwezi Aprili 2008, mimi na mke wangu na mtoto mmoja, tukitokea kambini mkoani Kigoma, ambako nilizaliwa na wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Hatukumaliza hata mwezi tukaona barabara zinafungwa, kina mama wamevaa kofia pana kama miavuli, na kila mtu kazini hana habari nyingine isipokuwa mbio za farasi za Kentucky Derby, ambazo hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei. Msimamizi wetu ghalani, mzee mmoja mwenye moyo mweupe, alinipa chupa ya lita moja ya wiski ya Bourbon, ile Woodford Reserve ambayo kila mwaka hutolewa ikiwa na mchoro wa mbio hizo, akaniambia niitunze iwe ukumbusho wa Derby yangu ya kwanza. Ilikuwa Derby ya 134. Mimi si mnywaji, ila chupa ile niliiweka juu ya kabati, na mwaka uliofuata nikajikuta nimenunua nyingine kwa fedha yangu.

Tangu hapo sijaacha. Chupa hizi zimekuwa kama daftari la maisha yetu hapa ugenini. Ya 2015 ni ya mwaka ambao farasi American Pharoah alishinda mbio zote tatu kubwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1978, na ndio mwaka tulioapa kuwa raia. Ya 2019 ni ya mwaka ambao farasi aliyetangulia kufika aliondolewa ushindi, ukapewa farasi mwingine, Country House, na siku hiyo tulikuwa hospitali tukimsubiri binti yetu wa mwisho. Nakosa moja tu, ya 2020, maana mbio zilisogezwa hadi Septemba na kukimbiwa bila watazamaji, nami nilikuwa sina kazi. Hadi ya 2025 ninazo 17.

Sasa kuna mtu mtandaoni, yuko jimbo jingine, anauza chupa tisa kwa pamoja, kuanzia ya 1999, ambayo ndiyo ya kwanza kabisa katika mfululizo huu, hadi ya 2007. Bei anayoitaka ni sawa na kodi yetu ya nyumba ya miezi miwili. Anasema atazituma kwa posta akishapokea fedha. Mke wangu hajakataa, ila ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: chupa za miaka ambayo hatukuwapo zitatukumbusha nini?

Kuna na jambo la pili. Nilikuwa nimezilaza kwenye rafu katika chumba kilicho chini ya ardhi, kama nilivyoona watu wanavyolaza mvinyo. Juzi nilipoitoa ya 2011 nikakuta shingo inanata, pana duara la rangi ya kahawia chini ya kizibo, na mchirizi umeshuka hadi kwenye mchoro ukachafua miguu ya farasi. Je, inaokoleka?

Fundi wa Mapipa

Kaka, pole kwa chupa yako. Mimi niko Lexington na nimekusanya tangu 2011, kwa hiyo makosa haya nayafahamu vizuri kwa sababu niliyafanya.

Acha swali la kununua kwanza, nenda sasa hivi ukazisimamishe chupa zote 17. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, na kileo chake ni kidogo, hakikidhuru. Woodford ina kileo cha asilimia 45.2, na kileo kikali namna hiyo kikikaa kinagusa gome la kizibo mwaka baada ya mwaka hulilainisha na kulila, hadi siku moja kizibo kinakatikia shingoni au wiski inaanza kupenya kama ilivyopenya kwako. Wiski husimamishwa daima. Wengine huiinamisha chupa kidogo mara chache kwa mwaka ili kizibo kipate unyevu, kisha huirudisha.

Baada ya kuzisimamisha, chukua tochi, zima taa ya chumba, na umulike kila chupa kutoka nyuma ya shingo. Uutazame mstari wa wiski ulipofika. Zipange zote kwa mstari mmoja na ile ambayo mstari wake umeshuka kuliko za wenzake utaiona bila kupima. Hiyo ndiyo inayopumua. Bandika kipande kidogo cha karatasi yenye gundi hafifu mgongoni mwa chupa, upande usio na mchoro, uchore alama ya penseli pale mstari ulipo na uandike tarehe. Baada ya miezi sita utajua kama bado inapungua. Zile zinazopungua zizungushie shingoni ule utando laini unaovutika unaotumika maabara kufunika vyombo. Haugandi kwenye chupa na ukiutoa hauachi kitu. Usizibe kwa lakiri ya kuyeyusha, hata kama umeona chupa za wiski ya Maker's Mark zimechovywa lakiri nyekundu zikapendeza. Ile huchovywa kiwandani. Ukiichovya wewe, mtu atakayeikagua kesho ataamini umeifungua.

Ya 2011 usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, hasa palipo na mchoro. Nata ya shingoni isugue polepole kwa kitambaa kikavu cha pamba, na doa lililoingia kwenye mchoro liache kama lilivyo, kwa sababu kila niliyemwona akijaribu kulitoa aliondoka na rangi. Thamani ya sokoni ya chupa hiyo imeshuka, siwezi kukuficha, lakini kwa jinsi ulivyoeleza sababu zako sidhani kama ulikuwa na nia ya kuiuza.

Chumba cha chini ya ardhi si kibaya kwa kuwa kina giza na joto lake halipandi na kushuka. Jua ndilo adui mkubwa, maana hufifisha rangi za mchoro na wiski yenyewe.

Bint Tanga

Kaka Mkaazi, nafanya kazi katika duka la vileo lenye leseni hapa Kentucky, na hapo uliposema "atazituma kwa posta" ndipo nilipostuka.

Posta ya Marekani hairuhusu kabisa kusafirisha pombe, na kampuni kubwa binafsi za kusafirisha mizigo hupokea pombe kutoka kwa wenye leseni tu, si kwa mtu wa kawaida. Kwa maana hiyo muuzaji huyo, hata akiwa mkweli, anapanga kudanganya kuhusu kilichomo ndani ya sanduku, na sanduku likipotea au likikamatwa hutakuwa na mahali pa kulalamika. Mtandao wa eBay ulikataza mauzo ya chupa za namna hii tangu 2012, na Facebook nayo ikabana mwaka 2019, ndiyo maana wauzaji wengi wamejificha kwenye makundi ya faragha ambako ukishatuma fedha mtu anakuzuia na jina lake linapotea.

Njia iliyo wazi ipo, na ipo hapahapa jimboni. Tangu Januari 2018 sheria ya Kentucky inawaruhusu wenye leseni kununua kutoka kwa watu binafsi chupa za zamani za pombe kali ambazo hazijafunguliwa na ambazo hazipatikani tena kwa wauzaji wa jumla, kisha kuziuza dukani. Watoto wa wazee waliofariki hutuletea makasha mazima. Utalipa zaidi ya bei iliyokuwa imeandikwa wakati chupa ilipotoka, lakini utaishika mkononi, utaimulika kwa tochi kama alivyokueleza Fundi wa Mapipa, na utaondoka na risiti. Na kumbuka sheria hiyohiyo inakuhusu wewe: siku ukitaka kuuza, usimuuzie jirani, peleka kwa mwenye leseni.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba wiski iliyomo kwenye chupa za Derby ni Woodford ileile inayouzwa mwaka mzima. Kinachobadilika ni mchoro na nambari ya mbio. Si kama Old Forester Birthday Bourbon, ambayo tangu 2002 hutolewa kila mwaka kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Garvin Brown, mwasisi wa kiwanda, tarehe 2 Septemba, na kila mwaka huchaguliwa mapipa mengine yenye ladha yake. Huko unanunua kilichomo. Kwenye Derby unanunua mchoro na kumbukumbu, basi bei uipime kwa hayo mawili.

Msafiri wa Dallas

Kwa heshima zote, ndugu yangu, kodi ya miezi miwili ni fedha nyingi kwa mtu mwenye watoto. Bourbon haizidi kukomaa ikishatoka kwenye pipa, kwa hiyo chupa ya 1999 haina utamu ambao haikuwa nao siku ile. Mimi ningeziweka fedha hizo kwenye akaunti ya masomo ya binti aliyezaliwa siku ya Derby.

Mama Amani

Nami niongeze onyo ambalo lingenisaidia sana miaka ile nilipoanza.

Nilinunua kwa mtu binafsi vyombo vitatu vya kauri vya wiski ya Jim Beam, vile vya zamani vilivyofinyangwa kwa maumbo ya farasi, magari na ndege, ambavyo vilitengenezwa kwa wingi sana kuanzia miaka ya 1950. Vilipendeza mno. Nilipofika nyumbani nikagundua kimoja kimekauka ndani kwa sababu kizibo kilioza, na kingine kilikuwa kimefunguliwa kikajazwa kitu kisichojulikana. Fedha yangu haikurudi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wiski ikikaa miongo mingi ndani ya kauri huweza kunyonya madini ya risasi kutoka kwenye rangi na mng'aro wake, kwa hiyo vyombo hivyo ni vya kutazama tu, asije mtu akamimina mezani.

Kutokana na hasara ile nilijifunza kuangalia umri wa chupa kwa alama zake. Maneno yaliyochongwa kwenye kioo kwamba sheria ya nchi inakataza kuuza au kutumia tena chupa hiyo yanaonyesha kuwa ni ya kati ya 1935 na 1964. Ule utepe wa kodi juu ya kizibo uliondolewa mwaka 1985, na onyo la serikali kuhusu wajawazito na uendeshaji magari likaanza mwishoni mwa 1989. Kwa chupa zako za 1999 na kuendelea alama hizi hazitakufaa, maana zote zitafanana, ndiyo sababu usinunue bila kuona kifuniko kilivyofungwa na mstari wa wiski ulipo. Mwombe muuzaji picha ya kila shingo ikimulikwa kwa nyuma, na kikaratasi chenye tarehe ya leo kando yake. Mkweli haoni tabu.

Na kama unatamani kukamilisha kitu bila kuumiza nyumba, zitazame chupa za wiski ya Blanton's. Kila kizibo chake kina sanamu ndogo ya farasi na mpandaji akiwa katika hatua moja ya mbio, na herufi moja pembeni. Vizibo vinane vikipangwa vinaandika jina zima, na farasi wa mwisho amekwishavuka mstari. Mkusanyo mzima unaenea kwenye ubao mmoja.

Mkaazi wa Louisville

Kaka Fundi, dada Bint Tanga, Mama Amani, na wewe ndugu Msafiri, nawashukuru kutoka moyoni.

Nilimwomba muuzaji picha za shingo tisa pamoja na kikaratasi cha tarehe. Alinitumia picha mbili tu, zote za mbele, akasema kuna mteja mwingine anayesubiri na ananipa hadi jioni. Nilimwambia amuuzie huyo mteja.

Jana usiku mimi na kijana wangu mkubwa tulizima taa tukazimulika zote. Ya 2011 imeshuka upana wa vidole viwili, na ya 2013, ambayo kwa nje ni safi kabisa, imeshuka kidole kimoja, jambo ambalo nisingeligundua bila tochi. Tumezisimamisha zote, tumezifunga shingo hizo mbili, na penseli imeandika tarehe. Mke wangu ndiye aliyezipanga kwa miaka, na kati ya 2019 na 2021 akaacha nafasi ya chupa moja.

Za kabla ya 2008 nimeamua kuziacha. Dada Bint Tanga, ukibahatika kuiona ya 2020 dukani kwenu, yenye nambari 146 na kizibo kizima, naomba unijulishe hapahapa. Jumamosi siendi kazini, nitakuja na tochi.