Nimenunua mashine ya gemu ya zamani ya kutumbukiza sarafu, nianzie wapi kuifufua?

Binti Rangi Tatu

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa mafundi wa TV za chogo, maseremala, na yeyote aliyewahi kushika hizi mashine.

Kuna hoteli ilikuwa inaondoa vitu vya stoo, na katikati ya majokofu mabovu nikaikuta mashine ya gemu ya kusimama, ile unatumbukiza sarafu unacheza na mwenzako bega kwa bega. Niliipenda hapohapo. Sasa iko barazani kwetu Mbagala, nimeifunika turubai. Ujuzi wangu wa umeme unaishia kwenye plagi na taa, lakini nina nia ya kujifunza, na nataka irudi ilivyokuwa, isiwe kabati tu la mapambo.

Hali yake ni hii. Kabati ni MDF, upande wa chini limevimba na kumeguka kwa maji. Kioo ni cha chogo, hakijapasuka. Kila mchezaji ana jostiki moja na batani sita. Nimefungua mlango wa nyuma nikakuta bodi tatu zimepandana, kuna maandishi ya Capcom na mwaka 1991. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 120, hezi 60. Waya kadhaa zimetafunwa na panya. Sijaichomeka kwenye umeme.

Nianze na nini? Na kipi nisiguse kabisa? Nawasilisha.

Mzee wa Chogo

Mwanangu, kutoichomeka kumeiokoa mashine yako. Hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Marekani, 120. Wa kwetu ni 230. Ungeichomeka moja kwa moja ungeunguza transfoma, na pengine saketi ya kioo pia, na saketi ya kioo ndiyo ngumu kuipata.

Uliuliza kipi usiguse. Usiguse kioo. Chogo hukaa na umeme wa volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki humo muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kuna kikombe cha mpira mgongoni mwa kioo chenye waya mnene unaotoka kwenye flaibeki, yaani transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa kioo. Chini ya kikombe hicho ndipo umeme ulipo. Kuutoa unatumia bisibisi bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, unaifunga waya wenye klipu za mamba. Klipu ya upande wa pili unaibana kwenye ule waya wa kusuka usio na ganda unaozunguka mgongo wa kioo. Ncha ya bisibisi unaiingiza taratibu chini ya mpira mpaka iguse chuma. Fanya kwa mkono mmoja, wa pili uweke mgongoni. Usiupeleke umeme huo kwenye bodi ya gemu wala kwenye saketi nyingine yoyote, utaiua. Baada ya muda rudia tena, maana chogo hujirudishia umeme kidogo lenyewe.

Lakini mara ya kwanza usifanye peke yako. Mtafute fundi wa TV aliyefanya kazi enzi za chogo, bado wapo wengi Ilala na Kariakoo, aje afanye wewe ukiangalia. Na shingo ya kioo, pale nyuma panapokuwa pembamba, ikigongwa kidogo tu hewa inaingia na kioo kimekufa. Hakuna kiwanda cha kukuuzia kingine.

Tabata Kwetu

Dada hongera kwa kupata kitu adimu. Mimi nina mawazo tofauti kidogo na Mzee. Ningetoa chogo lote na bodi, nikaweka skrini bapa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Unapata gemu nyingi ndani ya kabati moja, umeme unatumia kidogo, na hatari ya volti elfu ishirini inaondoka. Kwa mtu anayeanza naona ni njia salama zaidi.

Saketi Nyeusi

Mkuu Tabata, nakuelewa, na kama kioo kingekuwa kimepasuka ningekuunga mkono. Ila hapa kioo kizima, bodi ipo, na mwenyewe kasema anataka irudi ilivyokuwa. Tusimshauri atupe kile ambacho hatakipata tena.

Dada, nikwambie una nini hapo. Bodi tatu zilizopandana za Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, ni mfumo unaoitwa CPS-1. Ukiongeza mwaka 1991 na batani sita kwa kila mchezaji, karibu kabisa hiyo ni Street Fighter II, ngumi tatu na mateke matatu. Ni gemu iliyojaza kumbi za michezo dunia nzima.

Tena afadhali ni CPS-1. Bodi za CPS-2, zilizoanza 1993 na Super Street Fighter II na huwa ndani ya makasha ya plastiki, zina betri inayotunza funguo za programu. Betri ikiisha gemu haiwaki tena, kwa hiyo mtu asiitoe bila kujua anachofanya. Na wengine wanaosoma hapa wakikutana na bodi za Neo Geo MVS za kampuni nyingine ya gemu, SNK, kule ni kinyume: betri ya kwenye bodi huvuja na kula njia za shaba, hivyo iondolewe mapema, mabaki yake yasafishwe kwa siki kidogo kisha spiriti. Wewe kagua bodi zako kwa tochi, ukiona ukungu wa kijani piga picha utuwekee hapa.

Sasa waya. Zamani kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani, JAMMA, kikaleta soketi moja ya pini 56, yaani 28 kila upande. Ndiyo ile soketi ndefu iliyobana ukingoni mwa bodi yako. Uzuri wake ni kwamba ukiacha waya za kabati zilivyo, kesho unaweza kuchomoa Street Fighter ukachomeka bodi nyingine ya JAMMA. Mkuu Tabata, hata hizo bodi za Kichina zenye gemu nyingi zinaingia humo, kwa hiyo tamaa yako na ya dada zote zinatimia bila kukata kitu. Tahadhari moja: soketi ina kizuizi mahali pa pini ya 7. Ikiwa kizuizi kimevunjika, bodi inaweza kuingia kinyume, na ikiwashwa hivyo inaungua. Weka alama ya rangi upande wa juu kabla hujachomoa.

Binti Rangi Tatu

Shikamoo Mzee wa Chogo, ahsante sana, kioo sitakigusa mpaka nipate fundi. Kaka Saketi, nimefurahi mno kujua ni Street Fighter. Umeme je, nikinunua transfoma ya kushusha 230 kuwa 120 inatosha? Na hiyo hezi 60 wakati yetu ni 50, picha haitaharibika?

Mzee wa Chogo

Marahaba mwanangu. Picha haitaharibika, maana mpigo wa picha unatoka kwenye bodi, hautoki ukutani. Tatizo la hezi liko kwenye transfoma: iliyotengenezwa kwa 60 pekee, ukiilisha 50 inapata joto zaidi.

Kwa hiyo gawanya kazi. Bodi iwekee pawasaplai mpya ya 230 inayotoa volti 5 na 12, pamoja na hasi 5 ambayo bodi nyingine huihitaji kwa ajili ya sauti. Kioo kipe transfoma yake ya kutenganisha, 230 kwenda 120, iliyoandikwa hezi 50. Usisikilize anayekwambia kioo kichomekwe bila hiyo transfoma. Saketi nyingi za vioo hivi hazijatengwa na umeme wa ukutani, chasi yake inaweza kukupiga shoti. Na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, weka stabilaiza mbele ya vyote.

Saketi Nyeusi

Nakazia kwa Mzee. Pawasaplai ukiifunga, iwashe kwanza bodi ikiwa imechomolewa. Pima kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Kuna kiskrubu cha kurekebisha volti 5, kishushe kidogo chini ya 5. Zima, chomeka bodi, washa, upime tena kwenye bodi yenyewe, kisha pandisha taratibu mpaka 5 au juu yake kidogo sana. Ikipungua gemu inajizima na kujiwasha. Ikizidi chipu zinakufa, na chipu za Capcom huzipati dukani.

Waya zilizotafunwa usizisokote na kufunga selotepu. Lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa joto, moja baada ya nyingine, ukifuata rangi. Anza na waya za batani, volti zake ni ndogo, hapo ndipo pa kujifunzia mkono wa kulehemu.

Seremala wa Keko

Habari dada. Mimi naongelea mbao tu. MDF ikishavimba hairudi, hata uikaushe juani mwezi mzima. Usipoteze puti yako hapo. Kwanza chukua maboksi makubwa, yalaze ubavuni mwa kabati na uchore umbo lake lote kwa penseli, pamoja na mahali pa kila tundu. Ukishakuwa na ramani hiyo, kata sehemu mbovu kwa mstari ulionyooka, juu kidogo ya palipovimba, ufikie mbao nzima. Ungia kipande kipya cha marine, ile plaiwudi inayostahimili maji, kwa gundi ya mbao na pini za mti, kwa ndani uweke ubao wa kushikilia maungio.

Kabati za Marekani huwa na unene wa inchi tatu ya nne, ni kama milimita 19. Marine ya hapa utakayoipata ni 18. Ile milimita moja isawazishe upande wa nje kwa puti na msasa. Usiiache, maana ule mkanda wa plastiki wa ukingoni unaingia kwenye mfereji na utacheza.

Michoro ya ubavuni ipige picha ikiwa na rula pembeni kabla hujagusa msasa. Wachapaji wa stika Kariakoo wanaweza kuichapa upya kwa kipimo kilekile. Chini weka miguu ya mpira, kingo zote zipige vanishi kabla ya rangi. Barazani unyevu haukosekani, na mchwa wa Mbagala tunawajua.

Binti Rangi Tatu

MREJESHO. Wakuu, nimempata fundi wa TV mzee wa Ilala, ametoa umeme wa kioo mimi nikishuhudia, na nimefunga pawasaplai na transfoma kama mlivyoelekeza. Imewaka! Muziki unasikika, wapiganaji wanaonekana. Mambo matatu yamebaki: picha imejikunja juu, ngumi zinafanya kazi lakini mateke yote hayafanyi, na sarafu zetu hazipiti, zinarudi. Watoto wa mtaa wameshaanza kupanga foleni, na majirani wawili wameuliza kama ni dubwi. Nimewaeleza kwamba haina kamari.

Mzee wa Chogo

Umenifurahisha sana. Picha kujikunja juu ni kapasita zilizokauka upande unaosukuma picha wima. Usibahatishe moja moja, badilisha zote zile za mikebe kwenye saketi ya kioo, ukizingatia volti, ukubwa, na upande wa hasi. Kabla ya kuanza, umeme wa kioo utolewe tena.

Saketi Nyeusi

JAMMA ina nafasi ya batani tatu tu kwa kila mchezaji, hizo ndizo ngumi zako. Mateke yanapita kwenye soketi ndogo ya pembeni, iko kwenye bodi. Yakikosekana yote kwa pamoja, tatizo ni soketi hiyo kuchomoka au waya wake wa hasi kukatika. Kama soketi imekaa sawa, weka multimita kwenye mlio, inayolia waya ukiwa mzima, na uufuate huo waya kutoka soketi mpaka batani ya mwisho.

Sarafu zisikusumbue. Hicho kifaa hupima upana, unene na uzito wa sarafu ya Marekani, za kwetu lazima zirudi. Kwenye bodi kuna safu za swichi ndogondogo nyeupe, mojawapo ni ya kucheza bure. Zima mashine, ibadilishe, washa, na watoto wabonyeze tu batani ya kuanza.

Binti Rangi Tatu

Ilikuwa soketi, ilikuwa inaning'inia nyuma ya bodi ya chini. Mateke yote sita yanaitika. Kapasita nazifuata Kariakoo kesho, orodha nimeiandika.